Mume Aliyeitwa Bachelier

Jibini la Masisi hushuka Goma juu ya pikipiki, limefungwa ndani ya magunia, na Apolline hulipokea mtaani Majengo mbele ya nyumba ya mbao anayopanga. Hulifuta kila gurudumu kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, hulipanga mezani, halafu huketi nyuma ya meza akiangalia barabara. Siku ambazo njia ya Sake imefungwa, meza hukaa tupu, naye huketi vilevile, maana watu wa vilima wanaopita humwuliza habari za kule juu kana kwamba jibini ndilo lililomletea.

Ukinunua kwake hukukatia kipande cha kuonja kabla hujaomba, kisha hukuuliza umetoka wapi. Nilipomtajia nchi nilizopita mwaka ule, alinizuia kwenye moja.

"Uingereza? Kule Kiingereza chao ni kimoja ao biko bibili?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

"Maana bwana yangu alijifunza kimoja," alisema, "na banamuhukumu na kingine."

Yanayofuata nimeyapata kwake, na mengine kwa majirani zake wawili, Bagalwa na mkewe Miriam.

Apolline alizaliwa kwenye kilima kimoja cha Masisi, katika nyumba ya wafugaji. Kilima hicho hicho kilimlea Télesphore, kijana wa kwanza wa pale kushinda mtihani wa serikali wa mwisho wa shule. Mkurugenzi wa shule alikuwa amesomea ng'ambo ya mpaka, na badala ya kusema "diplômé" kama Wakongomani wengine, alimwita kwa Kifaransa cha huko: bachelier. Neno likapendwa. Watoto walilipigia kelele nyuma yake, wazee wakalitumia kwa heshima. Siku wajomba wa Télesphore walipokuja kuposa, baba yake Apolline aliita mbele ya watu wote, "Muletee huyu Bachelier kiti," na jina likawa limeingia ndani ya nyumba.

Diploma yenyewe haikufika. Matokeo yalisomwa redioni, hati ikabaki Kinshasa, na kila mwaka walimwambia asubiri. Alifundisha shule ya msingi kwa cheti cha muda kilichokuwa kikichanika kwenye mikunjo. Ng'ombe wa mahari walipanda kilima, pombe ikanywewa, wazee wa pande zote wakashuhudia, na hakuna aliyefikiria kwenda kuandikisha ndoa ofisini. Apolline alimwita mumewe kama kilima kilivyomwita. Bachelier, funga mlango. Bachelier, mutoto analia. Mtoto huyo alikuwa Bénita, na hajapata mwingine.

Vita vilipofika kilimani, Télesphore alikuwa upande wa Rutshuru kwenye mkutano wa walimu. Njia ya kurudi ilikatika. Akasukumwa na watu waliokuwa wakikimbia hadi akajikuta Uganda. Apolline alishuka na Bénita mgongoni hadi kambi ya Mugunga, wakalala chini ya turubai juu ya mawe ya volkano. Miezi ilipita kabla mtu mmoja hajapata namba ya mwingine. Apolline aliposikia sauti ya mumewe kwenye simu ya kuazima, alimpa Bénita simu, na Bénita, ambaye alikuwa hajui bado kuongea vizuri, alimwimbia.

Kutoka kambi ya Uganda Télesphore alipelekwa Uingereza, kwenye mji mmoja wa kaskazini, akawekwa kwenye kiwanda cha kufungasha nyama. Mpango ulikuwa mmoja tangu siku ya kwanza: akishakaa, atawaita. Apolline alihama Mugunga, akapanga Majengo, akaanza kuuza jibini kwa kuwa ndicho kitu cha nyumbani alichoweza bado kukishika. Télesphore alituma ujumbe wa sauti karibu kila juma. Huko Uganda alikuwa ameokota msemo, na kila ujumbe aliufunga nao. Pale mtu wa Goma angesema hakuna probleme, yeye alisema "no issue". Bénita alimwigiza hadi majirani wakaicheka nyumba nzima. Ukimtuma maji, no issue. Ukimwambia viatu vyake vimeisha, no issue.

Basi siku moja ulikuja ujumbe usiofungwa hivyo.

"Mama Bénita, balikatala muje huku. Benye kuangalia dossier banasema kuna karatasi nilitia sinyatiri kule Uganda. Nakutumia photo. Usiamini bile biko ndani mbele nikueleze. Niko naingia kazini."

Picha ilifika. Ilikuwa ya ukurasa mmoja uliopigwa taipu, kwa Kiingereza, na chini yake jina la Télesphore likiwa na ule mkia mrefu wa herufi T ambao Apolline angeutambua popote. Hakuweza kungoja mtu atoke kazini Uingereza. Alifunika jibini, akaenda nyumba ya pili.

Bagalwa ni Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi, na kazi yake ni kutayarisha hati za bidhaa zinazovuka mpaka. Alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole.

"Bon. 'I, Télesphore', ni miye Télesphore. 'Of the settlement aforesaid', wa ile kambi. Halafu anasema: 'bachelor, without issue'."

Apolline aliruka. "Bachelor? Kumbe ata kule banamujua! Njo jina yake!"

"Bachelor ni bachelier, mama. Kifaransa na Kiingereza biko ndugu. Na 'issue', ile naionaka kila siku ku kazi: date of issue, place of issue. Siku karatasi ilitoka, fasi karatasi ilitoka. 'Without' ni bila. Donc..." Alinyoosha kidole juu. "Bachelier mwenye diplome yake haikutoka."

Apolline alipiga makofi. "Kweli kabisa! Haikutokaka mpaka leo! Hawa batu bako nguvu, banajua ata mambo ya Kinshasa."

"Njo maana balikatala. Dossier haiko kamili."

"Lakini diplome yake iko na kazi gani kwa kutuita siye?"

"Mama, muzungu akitaka karatasi, usimuulize iko na kazi gani. Unamupa."

Miriam, mke wa Bagalwa, alikuwa mlangoni akimenya viazi. Alikulia Kampala, ambako baba yake alifanya biashara, na kusoma alisomea huko. Aliposikia date of issue alicheka hadi kisu kikamdondoka.

"Bagalwa! Huyu ni bwana ya mutu ao ni camion ya simenti inavuka mupaka? Leta hapa."

Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akasoma. Kicheko kikamwisha. Akasoma tena.

"Nani aliandika hii?"

"Avoka mumoja wa kule Uganda," Apolline alisema, akikumbuka wakili ambaye Télesphore aliwahi kumtaja. "Kwa nini?"

Miriam alikaa chini kwenye kigoda. "Kampala, mutu akikufa banaandikaka kwa gazeti. Banasema fulani alikufa without issue. Banataka kusema hakuacha mutoto."

Kisha Apolline akauliza, "Na bachelor?"

"Mwanaume hajaoaka."

"Si lazima iwe vile, Miriam," Bagalwa alisema taratibu. "Neno iko na maana mingi."

"Iko na maana mingi mu barabara. Mu karatasi ya avoka iko na moja."

"Somea tena," Apolline alisema. Miriam akasoma tena. "Sasa sema kwa Swahili, yote, usiache."

"Miye Télesphore, mutu bila bibi, bila mutoto, naapa kwa roho safi."

Apolline alichukua simu yake, akashukuru, akarudi mezani. Bénita alipotoka shule na kuuliza Bagalwa amesema nini, alimjibu kuwa ni habari za diploma.

Bagalwa hakuwa mjinga, na sijui mtu aliyesoma Kifaransa ambaye asingepita njia aliyopita. Maneno hayo mawili yalivuka bahari zamani sana kutoka Ufaransa. Bachelor alikuwa kijana anayejifunza kazi ya askari wa farasi chini ya bwana mkubwa: mdogo, hana cheo, hana mke. Kwa Wafaransa aliingia shuleni akavishwa diploma. Kwa Waingereza alishikilia ujana wake, akawa kapera. Issue lilikuwa na maana moja tu, kutoka. Hati hutoka ofisini, na mtoto hutoka kwa mamaye, kwa hiyo watoto wa mtu wakaitwa kilichotoka kwake. Maana ya tatizo ilikuja baadaye kabisa, na ndiyo iliyoenea sokoni na kambini. Mawakili walibaki na ile ya zamani kwa sababu hukumu nyingi zilishasimama juu yake, na wao huogopa kuhamisha jiwe lililobeba nyumba. Anayeumia ni yule anayeingia kwao na maana ya sokoni.

Lakini haya yote hayakuwa mezani pa Apolline siku zile. Kilichokuwa pale ni kwamba mwanaume aliyemngojea alikuwa ameapa kuwa hayuko naye. Aliacha kufungua jumbe zake. Habari zilienea bila yeye kuzisema, na Dancille, muuza makaa wa ng'ambo ya njia, hakuweza kujizuia.

"Mama Bénita, nasikia bwana yako alirudia ujana. Benye kufika Ulaya bote banageukaka célibataires, batu bila bibi. Weye sasa uko mujane wa mutu muzima."

"Na yako iko hapa kila siku," Apolline alimjibu, "lakini ata weye haujuake analala wapi."

Watu walicheka, Dancille naye akacheka, na meza ya jibini ikapata wateja. Lakini jioni Bénita alimkuta mama yake ameketi gizani, kitambaa mkononi, hajafunika kitu.

"Mama, mi nimefungua message ya papa," Bénita alisema. "Nimesikia yote. Sikia na weye."

"Sitaki."

Bénita aliicheza hata hivyo.

"Apolline," sauti ya Télesphore ilisema, "ule avoka alikuwa muzee, anasoma mbio sana. Alifika kwa bachelor, akaniangalia. Nikasema yes, sir. Nilifurahi, sikufichi. Nilisema, kumbe ata huku bananijua. Akauliza, any issue? Nikasema no issue, sir. Akaandika. Sikujua, Mama Bénita. Nilijua leo asubuhi pa muryango ya kazi, nikaketi chini. Avoka wa huku anasema weye unaweza kuniokoa. Uape bile unajua juu yangu. Lakini ukiona nilikukana, usiape."

Bénita alimwangalia mama yake. Apolline alisema, "Mutu anaweza kutunga hiyo," akaingia ndani.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtu aliyekamatwa na uongo angeweza kabisa kueleza hivyo hivyo, baada ya wakili kumwonyesha mahali pa kujificha. Apolline alitaka sana kumwamini, na kwa sababu alitaka sana hakujiamini. Na kiapo kwake si karatasi. Ni mtu wa kanisa, na mahali alipotoka mtu aliyeapa uongo huonyeshwa kidole hadi kwa wajukuu wake. Alimwendea Miriam.

"Banataka niape kama hakujua. Mi sikuwa kule. Nitaapaje?"

"Usiape kile haukuona. Apa kile unajua."

"Najua nini? Najua jina yake."

"Jina gani?"

"Bachelier."

Miriam aliacha kufua. "Nani anamwitaka vile?"

"Batu bote. Papa yangu. Miye." Apolline alisita. "Ata simu yangu, yeye iko mule kama Bachelier."

"Hiyo moja," Miriam alisema. "Na ile no issue, alianza lini?"

Apolline hakuwa amefuta ujumbe hata mmoja. Wengine hubadilisha simu na kupoteza kila kitu. Yeye kila alipobadilisha alimlipa kijana wa dukani ahamishe sauti zote kwanza, hata zile za kusema tu amefika salama. Alasiri moja ya mvua, wateja hawapo, yeye na Miriam waliketi chini ya bati, simu katikati yao juu ya meza, wakaanza kusikiliza tangu mwanzo. Miriam alikuwa akinukuu kwa ajili ya wakili.

"Mama Bénita, baridi ya huku inaingia ndani ya meno. Lakini no issue."

"Banatusimamisha kazi kidogo, tuko nyumbani. No issue."

"Usishangae sikupiga, nilikuwa hospitali, ni miguu tu inavimba kwa kusimama. No issue."

"Ni Noeli. Benye tunapanga nabo balienda kwa ndugu zabo. Nimepika wali, nimekula. No issue, Apolline. Sema na Bénita aimbe kidogo."

Miriam alikuwa akiandika kwa furaha. "Angalia! Kila mara anasema kwa maana ya probleme. Huyu mutu hajui maana ingine, ata muyuji mwenye kuhukumu ataona." Alipoinua macho, alimwona Apolline ameweka kiganja juu ya simu.

"Simamisha kwanza."

"Kuna nini?"

"Huyu mutu hajakuwa muzima ata siku moja."

"Alikuwa anakuficha."

"Hakunificha. Alisema yote, mbele ya ile neno. Mi nilikuwa nasikia mwisho tu."

Apolline aliichukua simu, akabonyeza kitufe cha kusema, na kwa mara ya kwanza tangu ile picha ifike alimtumia mumewe sauti.

"Bachelier. Miguu yako ingali inavimba?"

Kiapo kilichukua siku kadhaa kuandikwa. Wakili wa Uingereza, mwanamke mwenye sauti ya upole, alituma mfano, Miriam akaujaza, kisha ikawa lazima aueleze neno kwa neno, kwa kuwa Apolline alikuwa ameapa kwanza kiapo chake mwenyewe kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayetia tena sahihi chini ya neno asilolijua.

"'The deponent' ni nani?"

"Ni weye. Mwenye kuapa."

"Kwa nini basiseme Apolline?"

"Njo vile bajifunzaka. Tuendelee. 'The said Télesphore', ni Télesphore aliyesemwa."

"Nani alimusema?"

"Hakuna mutu alimusema. Ni ule tulitaja pale juu."

"Basi useme ule tulitaja. Majengo yote ilishamusema, haifai na Uingereza nayo imuseme."

Bagalwa, aliyejifanya anasoma gazeti, alicheka mpaka gazeti likatetemeka.

"'Bénita, lawful issue of the said...'"

"Hii tena!" Apolline alisimama. "Toa hiyo. Itoke kabisa."

"Mama, hii hatuwezi kuitoa. Na hii njo balikunyang'anya mutoto, na hii njo batamurudisha. Ukisema neno ingine batasema hatukubajibu."

Apolline alizunguka chumba. "Kwa maana yabo ya zamani, inatoka wapi?"

"Ni kutoka tu. Kile kilitoka mu mwili ya mutu."

Apolline alifikiri, na uso wake ukalegea. "Kutoka, kweli alitoka. Alitusumbua mpaka mukunga akaanza kusali. Hao wazee ya Uingereza, pengine bibi zabo njo balibafundisha. Andika."

Kuapa ilibidi kuvuka mpaka hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa notaire, mthibitishaji wa viapo ambaye wakili alimkubali. Apolline alivaa kitenge cha kanisani. Notaire alisoma kurasa zote polepole, kalamu ikifuata mistari, akafika mahali palipoandikwa kwamba kwenye kilima alikozaliwa muapaji mume huyo aliitwa Bachelier, na kwamba yeye mwenyewe amemwita hivyo tangu kabla ya ndoa. Akavua miwani.

"Mama, bwana yako umemwita ingaragu, kapera, miaka yote hii?"

"Na aliitikaka," Apolline alisema.

Notaire aliangalia dirishani kidogo, labda kuficha uso, kisha akamwambia anyooshe mkono.

Baada ya kiapo ofisi ya Uingereza ilitaka mate ya Bénita yapimwe na ya baba yake, na yakalingana. Majibu ya mwisho yalikuja msimu wa mvua uliofuata. Miriam aliyasoma kwanza kimya, na Apolline alijua kwa jinsi alivyokawia.

"Bénita bamemukubali."

"Na miye?"

"Banasema kuwa mama ya mutoto yake haionyeshi kama uko bibi yake. Ndoa haina karatasi. Banasema dossier yako itafunguliwa ingine, pekee. Avoka anasema tusikate tamaa."

"Ng'ombe zilipanda kilima mbele ya batu bote."

"Najua, mama."

"Wazee benye balikuwa kule balikufa, ao balitawanyika. Nimulete nani? Nilete ng'ombe?"

Ruhusa ya Bénita ilikuwa na tarehe ya mwisho, na ilikuwa karibu. Kulikuwa na familia ya Kivu iliyokuwa ikienda upande uleule, ingeweza kumchukua.

Bénita alikataa. Alikataa kwa sauti, mbele ya wateja, kisu cha jibini mkononi.

"Siendi bila weye. Papa simujue. Namujua sauti tu."

"Utamujua."

"Na weye utabaki na nani?"

"Na fromaji," alisema akigonga gurudumu la jibini.

"Mama, usicheze."

"Sichezi. Nilinyoosha mukono mbele ya Mungu nikasema uko wa ule mutu. Sasa nikuzuie hapa? Nitakuwa nimesema nini?"

"Basi ungeacha kuapa!"

Apolline hakumkaripia. Aliniambia kwamba neno hilo lilikuwa limeshapita kichwani mwake mwenyewe, njiani kurudi kutoka Gisenyi: kwamba alikuwa akisaini kuondokewa. Alikuwa amelijua, na alisaini. Mtu mmoja aliyekula wali peke yake siku ya Noeli alipaswa kupata mtoto wake, na mtoto alipaswa kupata baba na shule ambayo haifungwi kila milio ya risasi inaposikika. Yeye angengoja. Kungoja alikuwa na uzoefu nako.

Kwa kuwa ndege haziruki Goma siku hizi, safari ilianzia Kigali. Apolline aliwasindikiza hadi kituo cha basi cha Gisenyi. Bénita alilia, kisha akaacha kulia kwa kuwa mtoto wa ile familia alikuwa akimtazama. Basi lilipoondoka Apolline alibaki amesimama hadi mpiga debe akamwuliza kama anasafiri. Alisema hapana, akarudi kwa miguu hadi mpakani.

Hiyo ni miezi michache iliyopita. Dossier yake imefunguliwa, ile ya pekee, na Bagalwa anatafuta Masisi, Minova na hata Kampala mzee yeyote aliyehudhuria posa na bado yuko hai. Amempata mmoja, lakini haongei vizuri.

Jumapili iliyopita nilikuwa mezani pake aliponipa ishara ninyamaze. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye gurudumu la jibini. Kwenye kioo alikuwapo msichana mkubwa ameketi sakafuni, nywele zimefumuliwa nusu, na nyuma yake mwanaume mwembamba ameshika kitana kama mtu aliyepewa chombo cha fundi mwingine. Bénita aliweza kujisuka mbele. Kisogoni mkono haukufika.

"Gawa katikati," Apolline alisema. "Hapana, Bachelier. Hapo si katikati, hapo ni sikio."

"Papa, unaniumiza!"

"Anasema namuumiza."

"Nasikia, niko na masikio. Anza chini, ku shingo. Chukua nywele kidogo, gawa tatu."

"Zinateleza."

"Tia mafuta. Kidogo! Unataka kumukaanga?"

Wote watatu walicheka, mmoja hapa, wawili kule, kicheko cha kule kikichelewa kufika. Kisha mtandao ukakatika katikati. Picha ilisimama: kitana juu, Bénita amefumba macho, mdomo wa Télesphore wazi bila sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja nusu gurudumu aliuliza bei. Apolline alimwonyesha kwa kiganja angoje. Mkono wake mwingine ulikuwa umeinuka mbele yake, vidole vimeshika kitu kisichokuwapo, vikigawa.

"Vuta sasa," alisema mbele ya kioo kilichonyamaza, "lakini polepole. Usimuumize."